Siku Yetu Moja Kigoma na Ujiji

Maneno ya kamati ya matembezi mbele ya mkutano mkuu wa chama, Rugenge. Tunayaandika hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika na wafadhili wetu walio mbali.

 

Mlitutuma, tukaenda, tukarudi salama. Leo tunatoa ripoti. Tutaanza na pesa, juu tunajua kuna wenye kuuliza mioyoni: chama cha kusaidiana, chenye wajane na yatima, kinakwendaje kutembea?

Sanduku la msaada halikuguswa. Tulikuwa watu 17: mama 9, papa 5, na vijana 3 waliozaliwa kambini. Wakubwa tulilipa nauli na chakula kwa likelemba tuliyoianza mwezi wa pili. Wafadhili walisaidia karatasi za safari za wale vijana 3 na malipo ya mwongozaji. Risiti ziko kwa mtunza sanduku, kila mtu aweza kuziangalia.

Lakini hata kama pesa ni safi, swali linabaki: faida yake ni nini? Hilo ndilo tutajaribu kujibu.

Wengi wetu tuliishi mkoa wa Kigoma miaka 8, wengine 10, wengine zaidi. Tulikuwa Lugufu, tulikuwa Nyarugusu. Na bado hatukuijua Kigoma. Mnakumbuka sheria: usipite kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mji tuliuona mara 2 tu. Mara ya kwanza tuliposhuka kwenye boti na vifurushi kichwani, mwaka 1996 vita ilipofika Uvira. Mara ya pili ni wakati wa kurudi, tukiwa tumekaa kwenye lori na karatasi za HCR mkononi, kutoka lori moja kwa moja hadi melini. Kwa hiyo mama mmoja alisema katika mkutano wa mwaka jana: "Mimi nilikaaka kule miaka 11, lakini ukiniuliza Kigoma iko namna gani, siwezi kukuambia." Maneno yake njo yalianzisha safari hii.

Tulipita njia ya Burundi: Kavimvira, Gatumba, Bujumbura, halafu barabara ya kandokando ya ziwa. Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, dereva alisimama tukaona lile jiwe kubwa lililoandikwa Livingstone na Stanley, na tarehe 25 mwezi wa 11, 1871. Wengi tulikuwa tunaamini ni pale walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, Mugere walilala tu, wakiwa wanakuja upande wetu kutazama mto Rusizi. Basi tukaendelea, Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda, tukavuka mpaka, Manyovu, na jioni tukaingia Kigoma. Tukalala gesti moja ya Mwanga, tukala ugali na mukeke, ambao wao wanauita mgebuka. Samaki ni yule yule.

Asubuhi alikuja mwongozaji wetu, kijana mzaliwa wa Ujiji. Alianza na stesheni ya reli, nyumba kubwa ya Wajerumani inayoangalia ziwa. Akatueleza kwamba reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,200. Kabla ya reli, njia hiyo watu waliitembea kwa miguu. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Karibu miezi 8! Na wao walikuwa na wabebaji. Wabebaji hawakubebewa kitu.

Kutoka hapo tukashuka bandarini, akatusimulia habari za meli Liemba. Wengi wetu tunaijua kwa macho, lakini hatukujua umri wake. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari, ikapanda gari moshi, ikaungwa tena hapo Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wakati ule iliitwa Graf von Goetzen, na ilikuwa meli ya vita. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, lakini kwanza wakaipaka mashine zake grisi nyingi, wakisema labda tutarudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikatembea na jina la Liemba. Mei 2015 ilikuwa ikienda Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wakikimbia, ikiwaleta Kigoma.

Papa mmoja wetu akauliza: "Wabelgiji walifikaje hapa?" Mwongozaji akacheka, akasema: "Si walitoka kwenu?" Na ni kweli. Jeshi lililoingia Kigoma mwaka 1916 lilikuwa la Kongo. Maofisa walikuwa Wabelgiji, lakini askari na wabebaji walikuwa watoto wa kwetu. Wabelgiji walishika Kigoma mpaka 1921. Tukasimama pale gatini, kila mtu na mawazo yake. Sisi tulikuwa tukidhani watu wa kwanza kutoka ng'ambo yetu kukanyaga gati lile ni sisi wakimbizi.

Kisha tukapanda daladala kwenda Ujiji, si mbali. Pale kuna makumbusho ya Livingstone, na nje kuna mnara wa jiwe chini ya miembe. Mwembe wenyewe wa zamani ulikufa, hii iliyopo wanasema ni uzao wake. Ndani kuna sanamu mbili, Livingstone na Stanley wakivuliana kofia. Vijana wetu wakapiga picha, na sisi pia, hatutadanganya.

Mwongozaji akatueleza kwamba aliyetoka mbio kumlaki Stanley si Livingstone, ni Susi, mtu wa kazi yake. Huyo Susi, pamoja na Chuma, ndio baadaye waliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, mwendo wa miezi 9 hadi Bagamoyo.

Hapo akataja mji wetu, na sote tukainua vichwa. Mwaka 1858 Burton na Speke walikodi mitumbwi Ujiji, wakaja mpaka Uvira, mwezi wa 4. Walitaka kujua kama Rusizi inatoka katika ziwa au inaingia, juu walidhani labda ni chanzo cha Nili. Wenyeji wa Uvira wakawaambia wazi: inaingia. Wazungu wakarudi bila kuiona midomo ya mto. Miaka 13 baadaye, Livingstone na Stanley wakapiga kasia kutoka Ujiji mpaka kaskazini ya ziwa kwa swali lile lile, wakakuta Rusizi inaingia. Kila mtoto wa Kavimvira angewaambia bila kulipwa! Tulicheka sana. Lakini mama mmoja hakucheka. Alisema: "Kumbe sisi tukisema, haihesabiwi mpaka mwingine aandike."

Tulidhani ni mzaha. Lakini neno lile lilitufuata siku nzima.

Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara, kutoka ziwani, Tabora, mpaka Bagamoyo. Pembe za ndovu zilipita, na watu pia walipita, wakiwa wamefungwa. Wengi walivushwa kutoka upande wetu, Manyema na kandokando ya ziwa. Mfanyabiashara mkubwa wa hapo, Rumaliza, watu wake walifika mpaka kaskazini ya ziwa. Mwongozaji alituonyesha njia yenye miembe mizee, akasema ndipo misafara ilipokuwa ikipita. Halafu akatusimulia jambo ambalo halikuwa kwenye sanamu.

Alisema Livingstone alifika Ujiji amechoka na mgonjwa, akitoka nchi yetu, kule Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakaanza kufyatua bunduki katikati ya soko. Wengi waliokuwa pale walikuwa wanawake, na vikapu vyao. Waliokimbilia mitumbwi walizama. Hesabu aliyoiandika Livingstone ni kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilisaidia kuongeza nguvu ya kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Mnajua wale mama 9 tuliokwenda nao. Karibu wote ni mama wa soko. Wengine wanauza ndagala hapa Mulongwe, wengine sombe. Wakanyamaza kabisa. Kisha mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi katika mikutano, akauliza: "Wale wamama wa soko, majina yao iko wapi?"

Mwongozaji akafikiri. Akasema: "Mama, hayapo. Hakuna aliyeyaandika."

Halafu akaongeza jambo lake mwenyewe. Alisema bibi wa baba yake alikuwa Mmanyema. Alivushwa ziwa akiwa msichana, hakurudi kwao. Jina lake la kwao hawalijui, wanajua lile alilopewa Ujiji tu. "Hapa Ujiji," alisema, "ukichimba kidogo, wengi tumetoka ng'ambo. Ninyi mkiwa kambini watu waliwaita wageni. Lakini sisi ni wageni wenzenu, tulitangulia tu."

Ndugu zetu, tunakumbuka jinsi tulivyoitwa kule. Hatusemi ubaya juu ya Watanzania, walitupokea, wengi walitugawia chakula. Lakini kuitwa mgeni miaka 10 kunaingia mwilini. Na kijana yule alituondolea kitu kwa maneno mawili. Hata wale vijana 3 wetu, ambao hapa Uvira wenzao bado wanawaita "Watanzania" juu ya Kiswahili chao, walicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mmoja akasema: "Basi mimi niko wa pande zote."

Baada ya chakula tukashuka ufukoni Ujiji. Kutoka mnara mpaka maji ni mwendo wa miguu, na wengine wakashangaa: si wanasema Livingstone alikaa kando ya ziwa? Mwongozaji akaeleza kwamba zamani maji yalikuwa juu. Mto Lukuga, kule Kalemie, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Karibu na mwaka 1878 ukafunguka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Sasa ziwa limepanda tena, na sisi wa Uvira hatuhitaji mtu wa kutuambia hilo. Tuna wanachama ambao nyumba zao sasa ni za samaki. Na bado hatujasahau mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020. Ziwa hili lina tabia yake. Wazee wanajua, lakini wazee wanaondoka.

Saa 10 jioni matembezi yaliyolipwa yakaisha. Ndipo mama mmoja akamwomba mwongozaji kitu kisichokuwa katika orodha yake: atupeleke Kibirizi, pale boti ndogo zinapotia nanga. Kijana hakudai pesa nyingine. Akakubali.

Pale Kibirizi hakuna jiwe, hakuna sanamu. Kuna boti, magunia, watu wa dagaa, watoto wanaogelea. Mama yule alishuka mwaka 1996 mahali pale, akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amekufa njiani, usiku wa pili juu ya maji. Watu wa pale walimsaidia kumzika, mlimani, hakumbuki wapi. Alikuwa amekuja na matumaini ya kupaona. Akatazama mlima, nyumba zimejaa kila mahali. Akasema jina la mtoto kwa sauti, mara moja, akafunga kitenge chake vizuri, akasema: "Twende." Jina lenyewe hatuliandiki hapa, ni lake. Lakini sote 17 sasa tunalijua, na mwongozaji analijua.

Usiku ule gestini hatukulala mapema. Tuligombana kidogo, ni vizuri mjue, tusije tukawaletea ripoti ya sukari tupu. Papa mmoja alisema: "Haya mambo ya wafu yatatusaidia nini? Mimi nina mtoto sekondari, sijalipa shule." Ana haki. Njaa haingoji historia. Wengine wakamwunga mkono.

Lakini mama mwingine akamjibu kwa jambo lisilo la wafu hata kidogo. Akasema: "Wewe uliporudi, ulikuta nini kwenye kiwanja chako?" Papa akanyamaza. Maana wote tunajua. Wengi wetu tuliposhuka Baraka na kufika Uvira tulikuta mtu mwingine amejenga. Na mtu huyo alituuliza swali moja: nani anajua kwamba mlikaa hapa? Karatasi ziliungua au zilipotea vitani, majirani walikufa au walitawanyika. Aliyepata shahidi alirudishiwa, asiyepata bado anapanga. Na watoto waliozaliwa kambini? Kila mwaka tunahangaika na karatasi zao za kuzaliwa. Kila mwaka wanaombwa mtu anayekumbuka. Wakumbukaji wanapungua. Mwaka huu peke yake tumezika wazee 4 wa chama.

Wale wamama wa Nyangwe hawakuandikwa, na leo hakuna anayeweza hata kuwaombea kwa jina. Yule bibi wa Ujiji hakuandikwa, na uzao wake haujui kwao ni kijiji gani. Sisi tuliandikwa, ndiyo, lakini na watu wengine na kwa kazi yao: idadi ya vinywa, namba ya kadi, kilo za unga. Siku Lugufu ilipofungwa, 2009, tulibaki na nini mkononi? Hili ndilo tulilolileta kutoka Kigoma, kuliko picha na kuliko kanga.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mambo 3.

La kwanza, tufungue daftari la chama. Kila familia iandike: majina ya watu wake, mwaka waliovuka, njia waliyopita, kambi walizokaa, watoto waliozaliwa kule, waliofia kule na mahali walipozikwa, kiwanja walichoacha na walichokikuta waliporudi, pamoja na mashahidi 2 walio hai. Vijana 3 waliosafiri nasi wamekubali kuandika bure, kila Jumamosi baada ya saa 8, hapa hapa tulipo. Asiyejua kuandika atasema, wao wataandika, kisha watamsomea aseme kama ni sawa. Anayetaka kusema kwa Kifulero, Kivira au Kibembe aseme hivyo hivyo, tutatafuta wa kuandika.

La pili, daftari hilo lilindwe. Tunajua tunakoishi. Jina linaweza kumsaidia mtu, na jina linaweza kumuumiza. Halitatoka mikononi mwa chama, halitapigwa picha, na hakuna atakayelazimishwa kuandikwa. Wafadhili wapendwa, mtatuvumilia: tutawaambia kazi inakwendaje, lakini orodha ya majina hatutawatumia. Tunachowaomba ni madaftari yenye jalada gumu, kabati la chuma lenye funguo 2, na sehemu iliyo juu, mbali na maji. Mkiweza zaidi, msaidie gharama za karatasi za kuzaliwa za watoto ambao daftari litawapatia mashahidi. Hiyo ndiyo faida mnayoweza kuihesabu.

La tatu, safari hii irudiwe, barabara ikiwa salama, na safari ijayo viti vingi viwe vya vijana. Likelemba iendelee kulipa, sanduku la msaada libaki kama lilivyo. Yule papa aliyepinga gestini ameomba awe mmoja wa wasimamizi wa pesa za safari, ili aone kwa macho yake. Sisi tumekubali kwa furaha.

Jambo la mwisho ni salamu. Asubuhi tulipokuwa tunaondoka, mwongozaji alikuja kutuaga. Aliuliza kama kuna mtu anajua jina la kijiji cha Manyema ambako wasichana walipewa majina ya namna fulani, akalitaja jina moja ambalo bibi huyo alikuwa akiimbia watoto. Hakuna aliyelijua kati yetu. Tulimwahidi tutauliza. Kwa hiyo tunawauliza ninyi, wazee wenye ndugu Kasongo, Kabambare na Kindu: baada ya mkutano, mje kwetu, tutawaambia lile jina. Kama mtu analijua, tutampigia simu leo hii.

Tumemaliza. Wenye maswali waulize, wenye kupinga wapinge, halafu tupige kura.